SOMO: Kumtembeza mtoto wa miaka miwili Roma

Naandika mara moja, ili atakayeniuliza tena nimtumie hii. Kila likizo ikikaribia simu zinaanza, Dar, Mombasa, hata Muscat: "Roma na mtoto mdogo, itawezekana kweli?" Inawezekana. Ila mpunguze tamaa.

1. Kitu kimoja cha tiketi kwa siku, asubuhi. Mchana mtoto alale. Jioni mzunguke viwanjani bure.

2. Tiketi zikatwe kabla ya safari. Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, walio chini ya miaka 18 hawalipi, lakini mtoto naye lazima awe na tiketi yake, na majina yalingane na pasipoti. Makumbusho ya Vatikani, mtoto wa miaka miwili ni bure.

3. Makanisani mabega na magoti yafunikwe. Beba kanga.

4. Kigari cha mtoto. Hapa ndipo niliposhikishwa adabu. Mitaa ya zamani imetandikwa sampietrini, vijiwe vyeusi vyenye mianya katikati. Gurudumu dogo linanasa, kigari kinagoma ghafla, mtoto anatupwa mbele. Foro Romano, magofu ya kitovu cha Roma ya kale, ndiyo balaa zaidi: mabamba ya barabara za kale, miinuko, vumbi. Chetu kiling'oka gurudumu humo humo, nikamaliza ziara mtoto mkono huu, kigari mkono ule, jua la Julai utosini. Tangu hapo ni mbeleko tu. Mtoto akichoka anasinzia mgongoni na nyie mnaendelea kutazama. Ukishindwa kabisa kuacha kigari, kiwe chepesi cha kukunja, na mfungie mkanda hata kwa hatua kumi.
TAHADHARI: Colosseum kuna lifti, lakini stesheni kadhaa za metro hazina, au ipo na haifanyi kazi. Pandeni basi.
TAHADHARI NYINGINE: kuba la kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani, lina ngazi 551. Lifti inakupunguzia kiasi, bado zinabaki zaidi ya 300, njia nyembamba, ukuta umekulalia. Pandeni kwa zamu, mmoja abaki chini na mtoto.

5. Pantheon, hekalu la kale ambalo sasa ni kanisa. Tundu la juu ya kuba lina upana wa takribani mita 9 na halina kioo, mvua inanyesha mpaka ndani. Sakafuni kuna vitundu vya kupitisha maji: mwambieni mtoto avitafute. Wakati anavitafuta, nyie mtazame kuba la zege lisilo na nondo hata moja, limesimama tangu karne ya 2.

6. Maji msinunue. Mabomba ya mtaani, nasoni, yanatiririka mchana kutwa na ni safi. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo. Mtoto hataki kuondoka hapo, kwa hiyo nguo ya kubadilisha iwe karibu.

7. Chakula cha usiku migahawa mingi huanza saa moja na nusu, mtoto keshalala. Nunueni pizza ya kukatwa, wanapima kwa mizani.

MASWALI

Baba Junior: Kwa hiyo tubebe kigari au tusibebe?
Jibu: Hatua ya 4.

Baba Junior: Nimesoma juu juu dada, nipo kazini.
Jibu: Basi isome ukitoka kazini, kaka. Haikimbii.

Mama Zuhura: Tuna siku tatu. Colosseum, Vatikani na jumba la sanaa la Galleria Borghese, vyote siku moja, itawezekana?
Jibu: Hatua ya 1, shoga. Kanisa la Sistina, lililo ndani ya makumbusho ya Vatikani, linataka ukimya, na mtoto mwenye usingizi hajui Michelangelo aliyelichora ni nani. Wewe siku unazo tatu, na vitu ni vitatu.

Bibi Mkunga: Mwanangu, mjukuu wangu anapenda wanyama. Kuna sanaa ya kumfaa?
Jibu: Shikamoo bibi, swali zuri. Nyuma ya Pantheon, Piazza della Minerva, kuna tembo wa marumaru aliyebeba mnara wa Misri mgongoni, ubunifu wa mchongaji Bernini, 1667. Ukifika Piazza Mattei, kuna chemchemi yenye kobe wa shaba wanaopanda kwenda kunywa maji. Halafu Largo Argentina, pale alipouawa Julius Caesar, paka wamelala juu ya magofu. Vyote vya nje, hakuna foleni.

Kijana wa Ilala: Borghese yenyewe vipi mkuu? Nasikia wanakutoa baada ya saa mbili.
Jibu: Ndiyo, mnaingia kwa zamu za saa mbili, na mtoto hahitaji zaidi. Muonyeshe sanamu ya Bernini ya Daphne, binti wa hadithi za kale, vidole vinageuka majani. Kisha mtoke bustanini, kuna ziwa na mitumbwi ya kukodi.

Mama Zuhura: Na pampasi mnabadilishia wapi?
Jibu: Mabaa mengi hayana meza ya mtoto. Agiza kahawa, omba ufunguo wa choo, tandika ile kanga ya hatua ya 3.

Bibi Mkunga: Beba mbili, moja ya kanisani.
Jibu: Naongeza hilo, bibi.