Kupanga Vipaumbele vya Mazingira kwa Tathmini ya Vihatarishi: Mfano wa Zebaki Machimboni

Halmashauri yenye wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama zile za mkoa wa Geita, hupokea malalamiko mengi kuliko fedha ilizonazo: taka sokoni, vumbi la makarasha (mashine za kusaga mawe), miti inayokatwa kwa ajili ya matimba (magogo ya kuegemezea mashimo), zebaki kwenye mialo (sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu). Kamati ikifuata kelele itaanza na taka, kwa kuwa zinanuka na kila mtu anaziona. Mtego huo hauwanasi wenye bajeti ndogo tu. Mwaka 1987 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani liliwaketisha wataalamu wake wapatao 75 kulinganisha matatizo 31, ikabainika kwamba vipaumbele vyake vilikaribiana zaidi na hofu za umma kuliko na makadirio ya wataalamu hao.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha sumu na kihatarishi. Sumu ni uwezo wa kitu kudhuru, na kihatarishi huzaliwa pale kitu hicho kinapopata njia ya kumfikia mtu. Kwa hiyo kila tatizo liandikiwe safari yake yote, tangu linapoanzia hadi kinywani au mapafuni, pamoja na watu wanaokutana nalo.

Zebaki ina safari mbili, na kuzichanganya ndilo kosa ninaloliona kuwa ghali kuliko yote. Mchenjuaji, yaani anayetenganisha dhahabu na mawe, anapochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu juu ya moto wa wazi, huvuta mvuke usio na rangi wala harufu; akichomea jikoni, watoto wanauvuta pamoja naye. Safari ya pili ni ya polepole: zebaki hutua kwenye tope la mto au ziwa, bakteria huigeuza kuwa methili zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, nayo hujilimbikiza katika samaki, hasa wakubwa wanaokula wenzao. Safari hizo hazipimwi kwa namna moja. Aliyevuta mvuke hupimwa mkojo, na mla samaki hupimwa nywele. Kamati inayopima maji ya kisima peke yake inaweza kupata majibu mazuri huku watu wakiumia, kwa kuwa zebaki hupenda kushikamana na tope.

Baada ya hapo toa alama, moja hadi tano, kwa uwezekano wa madhara kutokea na kwa ukubwa wake. Wengi huzidisha tarakimu hizo mbili na kuishia hapo, lakini tano mara moja na moja mara tano hutoa jibu lilelile, ilhali vumbi la kila siku linalokera macho si sawa na tukio la nadra linaloharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ongeza basi safu ya tatu ya iwapo madhara yanaweza kurekebishwa, na ya nne ya uhakika wa taarifa zenu. Penye uhakika mdogo, fedha ya kwanza iende kwenye vipimo.

Tatizo lililoongoza kwa alama si lazima litangulie kwenye bajeti. Linganisheni pia kiasi cha madhara ambacho kila shilingi itapunguza. Kusafisha tope la ziwa ni kazi ya mabilioni, lakini kuhamisha uchomaji kutoka majumbani na kuweka vifaa vya kunasia mvuke ni gharama ndogo, na mchimbaji hurudishiwa sehemu kubwa ya zebaki yake, jambo ambalo humshawishi kuliko hotuba.

Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki uliopitishwa mwaka 2013, unataka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi, uchomaji katika makazi, matumizi ya zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, na uchenjuaji kwa sayanaidi (kemikali ya kuyeyushia dhahabu) wa marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, ambayo hayajaondolewa zebaki. Hili la mwisho husahaulika kwa urahisi. Sayanaidi huyeyusha zebaki na kuirahisishia safari ya majini, hivyo mtambo wa sayanaidi unapoombewa kibali karibu na mialo ya zamani, orodha yote ipangwe upya kabla kibali hakijatolewa.