Usichukue Mbegu ya Samaki Kwenye Madimbwi ya Kiangazi

Kila mwaka, mafuriko ya bonde la Kilombero yakisharudi mtoni, tambarare hubaki na madimbwi yaliyojaa perege na kambale. Ifikapo Septemba maji ni ya magotini, na hata mtoto anawachota kwa ndoo. Wafugaji wengi huona huo ndio wakati wa kupata mbegu ya bure, yaani samaki wa kupandikiza bwawani. Nakuomba usifanye hivyo. Samaki aliye rahisi kukamatwa msimu huo ndiye anayekuletea vimelea vingi zaidi.

Huku kwetu joto la maji halipandi na kushuka sana kama nchi za baridi. Mvua ndiyo inayopanga kalenda ya vimelea. Masika samaki hutawanyika mbugani, kila mmoja na nafasi yake. Maji yakikauka wanabanana, na hapo ndipo vimelea wanaohama moja kwa moja kutoka samaki hadi samaki hustawi: minyoo wadogo wa mashavuni ambao hutawaona kwa macho, chawa wa samaki, na lernea, yule anayechomeka kichwa ndani ya nyama akaacha mwili wake ukining'inia kama kijiti.

Kundi la pili lina safari ndefu. Mayai ya klinostomu, aina ya mnyoo bapa, huingia majini kutoka kwa korongo na yangeyange, wadudu wake hukulia ndani ya konokono, kisha humwingia samaki na kujifunga chini ya ngozi. Konokono huzaana sana kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya mvua. Ndege nao hukusanyika dimbwi linapokauka, kwa kuwa chakula kiko wazi. Samaki hawaondoi hao wadudu haraka. Wanaendelea kuwalimbikiza kadiri wanavyokua. Kwa hiyo perege mkubwa wa Oktoba ana mzigo wa miezi mingi, na ukimtia bwawani lenye konokono na linalotembelewa na ndege, umekamilisha safari yote ya mdudu huyo shambani kwako.

Kabla ya kuchukua samaki wowote wa porini, pasua watano au sita. Funua kifuniko cha shavu: vidonge vya manjano, ukubwa wa punje ya mtama, ni klinostomu. Tazama kando ya moyo. Mnyoo mrefu aliyejikunja hapo ni kontrasekamu, ambaye hukomaa ndani ya mnandi na mwari. Ukiwakuta, achana na samaki wa dimbwi hilo. Dawa ya kuwatoa walioko ndani ya nyama ya kifaranga (samaki mchanga) huna, na chumvi haiwafikii.

Mimi ningenunua vifaranga kwenye kituo cha kuzalishia. Kama hakipo karibu, zungumza na afisa uvuvi wako kwanza, kisha tafuta vifaranga wadogo mwishoni mwa masika, maji yakiwa bado mapana. Wameishi muda mfupi, hawajalimbikiza kitu kikubwa. Waweke wiki tatu kwenye tangi au kibwawa cha peke yake, kwa sababu lernea hukamilisha kizazi takriban ndani ya muda huo maji yakiwa ya joto, nawe utamwona akijitokeza.

Wanapofika, waogeshe kwa chumvi: kilo moja kwa lita 100 za maji, dakika kumi, ndani ya chombo cha plastiki, si cha bati. Jaribu kwanza na samaki wachache. Wakianza kulala ubavu, warudishe haraka kwenye maji safi. Bafu hili hupunguza minyoo wa mashavuni na wale vijidudu wa ngozi wanaowafanya samaki wajikune kwenye kingo.

Bwawani, kata majani ya kingoni na ufanye kina cha pembeni kifike nusu mita au zaidi, korongo asipate pa kusimama. Tandaza kamba juu ya maji. Baada ya kila mavuno kausha bwawa hadi udongo upasuke, kisha nyunyiza chokaa. Konokono wengi hawavumilii hali hiyo. Matumbo ya samaki usiyatupe ukingoni, yafukie. Na wale uliopasua ukawakuta na vidonge vya manjano, ukitaka kuwala, wapike hadi nyama iive kabisa mpaka mfupani, maana mdudu huyo akiliwa mbichi huweza kung'ang'ania kooni mwa mtu.