Jinsi ya kuvitambua ving'ora vya mjini, vya zamani na vipya

Nimekulia Walukuba, hapa Jinja nchini Uganda, kwenye nyumba za wafanyakazi ambako Msoga, Mluo, Mlugbara na Mnubi walielewana kwa Kiswahili. Nyumbani hatukuwa na saa ya ukutani. Tulikuwa na king'ora cha kiwanda. Kililia saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku. Mama alipokisikia cha alasiri aliinjika maji ya chai, maana baba angefika muda si mrefu. Sasa nina karakana ya kuwaindi mota, yaani kuzisuka upya nyaya zake, na kwa miaka kumi na minne Jumapili zangu nyingi nimezunguka Jinja na Kampala nikitafuta ving'ora: vya zamani vilivyosahauliwa juu ya mapaa, na vipya vinavyofungwa bila mtu wa mtaa kuambiwa ni vya nini. Hivi vya pili ndivyo vinavyoniuma, kwa sababu siku vikilia watu watabaki kutazamana badala ya kukimbia. Kwa hiyo naandika ninachokijua, na wewe katafute vya kwenu.

Anza na masikio

King'ora cha zamani kina mota inayozungusha ngoma yenye matundu ndani ya ngoma nyingine yenye matundu. Hewa inakatwakatwa, na huko kukatwa ndiko kunakotoa mlio. Ndiyo maana hakiamki ghafla. Kinaanza na mngurumo wa chini, kinapanda kwa sekunde kadhaa, na umeme ukizimwa kinashuka taratibu hadi kinyamaze. Cha elektroniki ni spika tu. Kinaweza kuigiza kupanda na kushuka, lakini mara nyingi mwisho wake hukatika kama redio iliyozimwa. Sikiliza mkia wa mlio kuliko mlio wenyewe.

Kisha pima. Weka kwenye simu ile programu ambayo wapiga gitaa hutumia kulinganisha nyuzi, itakuonyesha hezi, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mota ya poli mbili (ncha mbili za sumaku) huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Gawanya kwa 60, zidisha kwa idadi ya matundu. Ngoma ya matundu 12 itatoa kama hezi 570, ya matundu 10 kama 475. Ukisikia sauti hizo mbili zikipanda pamoja, zenye huzuni fulani, unasikia mtindo wa Kiingereza wa ngoma mbili kwenye mota moja, 10 upande huu na 12 upande ule, uliotumika Uingereza kuonya juu ya ndege za adui wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Na simu ikikuonyesha 540 pale ulipotegemea 570, mota inazunguka mara 2,700: aidha umeme ni hafifu, aidha beringi zimekwisha. Mlio unakueleza hali ya mashine kabla hujaiona.

Hesabu hiyo niliihakikisha kwa mikono yangu. Miaka minne iliyopita nilimkuta mnunuzi wa vyuma chakavu na ngoma mbili za alumini ndani ya gunia. Niliifahamu rangi ya kijani iliyobaki kwenye ukingo. Kilikuwa king'ora cha utoto wangu. Kiwanda kilikuwa kimepata mwenye mali mpya, paa likasafishwa, na hakuna aliyekumbuka kuwauliza watu wa mtaa. Nilizinunua kwa kilo. Nilipitisha kidole changu cha shahada tundu baada ya tundu: 12, mawili yameziba kwa udongo wa nyigu, kingo zimelika upande mmoja kama jino la mzee. Nilizisafisha, nikazifunga kwenye mota niliyokuwa nimeiwaindi upya, nikawasha kwa sekunde tano tu. Simu ikasoma 566. Bibi wa nyumba ya pili alitoka nje na ufagio mkononi akaniuliza, "Mwanangu, zamu imebadilika?"

Wapi pa kutazama, na nini cha kukipuuza

Vya zamani viko mahali penye umeme wa fezi tatu na watu wengi wa kuitwa kwa pamoja: viwanda vilivyojengwa Jinja baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, karakana, vituo vya zimamoto, minara ya matangi ya maji. Tazama ukingo wa paa, si katikati. Umbo la kwanza ni masufuria mawili yaliyolala ubavu huku na huku, mota katikati. La pili ni uyoga: kofia ya bati juu, mota imesimama wima chini yake. Kofia ni ya kuzuia mvua.

Wanaoanza hudanganywa na vitu vinne, nami nilidanganywa na vyote.

Cha kwanza ni vile vitunguu vya bati vinavyozunguka juu ya maghala. Hivyo ni vya kutoa joto, upepo ndio unaovizungusha. Ngoma ya king'ora imejificha ndani ya nyumba yake; huwezi kuiona ikicheza na upepo. Cha pili ni ngoma nyeupe kwenye minara ya simu, ambazo ni antena. Cha tatu ni spika za msikiti: kwa kawaida chache, zenye midomo mipana, kila moja imeelekea upande wake.

Cha nne kinahitaji subira. Ni bizindaalo, zile spika zilizofungwa juu ya mti mrefu kwenye vituo vya biashara. Kwa mbali zinafanana sana na king'ora cha elektroniki. Fuata waya. Waya wa kizindaalo unashuka hadi kwenye chumba kidogo chenye mtu na maikrofoni, anayetangaza msiba, mtoto aliyepotea, bei ya sukari. King'ora hakina chumba, kina sanduku la chuma lililofungwa kwa kufuli. Lakini usikidharau kizindaalo, kiandike pia. Kwenye mitaa mingi ndicho chombo pekee ambacho watu wanaitikia kikiita usiku, kwa kuwa wanaijua sauti ya anayesema.

Kipya chenyewe kinakuwa hivi: nguzo ya chuma, juu yake midomo ya spika inayofanana, imepangwa mmoja juu ya mwingine kama bakuli kabatini. Chini kuna sanduku la betri, juu pana antena nyembamba, mara nyingi na paneli ya sola. Betri ndiyo tofauti kubwa. King'ora cha mota hunyamaza umeme wa mtaa ukikatika, isipokuwa kuna jenereta, na mafuriko yana kawaida ya kuja na giza. Ndiyo maana mwaka 2014 mitambo ya kuonya mafuriko iliyowekwa Butaleja kwenye mto Manafwa, kwa ushirikiano wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ilitegemea sola.

Kama mtaani kwenu hakuna kinacholia, zoeza masikio kwa video. Chicago hujaribu ving'ora vyake Jumanne ya kwanza ya kila mwezi saa nne asubuhi, na Paris Jumatano ya kwanza saa sita mchana. Rekodi zake ni nyingi.

Kukifuata kwa mlio

Umekisikia lakini hukioni. Usikimbilie sauti, maana kuta za magorofa zinairudisha. Mwombe rafiki asimame mtaa mwingine, mbali nawe kama kilomita moja. Kikilia, kila mmoja anyooshe mkono kuelekea mlio na asome dira ya simu. Chora mistari miwili kwenye ramani. Inapokutana ndipo pa kwenda. Fanyeni hivyo asubuhi mapema kabla jua halijapasha ardhi joto, hasa karibu na ziwa, kwa sababu hewa baridi iliyolala chini huirudisha sauti chini nayo ikafika mbali. Mchana mlio uleule hupotea.

Umbali una hesabu yake pia. Kila unapouzidisha mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) mahali wazi, na mjini penye majengo hata 10. King'ora cha desibeli 110 kwenye mita 30 kinaweza kubaki 70 ukiwa mita 480, na hapo bodaboda moja inatosha kukifunika. Kwa hiyo mtaa kuwa na king'ora hakumaanishi kwamba watu wake wanakisikia. Tembea, pima, weka alama pale kinapopotea.

Hai au mfu?

Kutoka chini, kwa darubini, fuata kebo kutoka mota hadi sanduku. Kebo iliyokatwa inaonekana: ncha imejikunja, shaba imekuwa ya kijani. Tazama midomo. Nimeona vijiti vya kiota vimejaza uyoga mzima, na kalooli, yule korongo mkubwa mla mizoga, amesimama juu ya kofia kama mlinzi. Halafu muulize askari wa zamu ya usiku, maana wa mchana hubadilishwa mara kwa mara na wa usiku huwa wanazeeka na jengo. "Mzee, hiki kililia lini mara ya mwisho?" Swali hilo limenifungulia mageti mengi kuliko barua yoyote.

Uliza pia kinasema nini. Kwa desturi ya Kiingereza, mlio unaopanda na kushuka ulikuwa hatari, na mlio mmoja ulionyooka ulimaanisha imepita. Kiwandani ulionyooka huwa ni zamu. Mkikaa karibu na kiwanda chenye vyumba vya barafu vinavyotumia amonia, ulizeni hasa mlio wa gesi ni upi, na siku ukilia msikimbie mnakoelekezwa na upepo. Katizeni upepo mwende pembeni.

Kabla ya yote haya, jitambulishe kwa chairman wa LC1, yaani baraza la mtaa. Bwawa, gereza na kambi usivipige picha kabisa. Pale Owen Falls kamera imewahi kuwaletea watu shida kubwa. Usipande paa la mtu, na usisimame mbele ya mdomo wa king'ora hata kama umeambiwa kimekufa.

Daftari langu lina safu saba: tarehe, mahali, umbo, matundu au midomo, hezi, kebo, na maneno ya aliyenieleza. Kila kimoja nakirudia baada ya miezi sita. Ukurasa wa mwisho nilioandika ni wa uyoga ulio juu ya karakana moja ya Jinja: matundu 10, kebo nzima, kiota kimoja. Askari alisema, "Kililia mvua ile kubwa ilipoingia, hatukujua nani alikiwasha." Jumapili ijayo narudi kumtafuta aliyekiwasha.