Jinsi ya kumwombea mtoto sekondari ya ufundi jijini New York

Mzazi mwenye mtoto wa darasa la nane New York ana kazi kati ya mwanzo wa Oktoba na mwanzo wa Desemba. Sekondari katika jiji hili huombwa. Ziko zaidi ya 400 za umma, na mtoto wa wilaya ya Bronx anaweza kusoma wilaya ya Queens akipata nafasi. Mwongozo huu ni wa anayetaka zile zenye mafunzo ya kazi, ambazo utaziona zimeandikwa CTE. Humo mtoto anasoma hesabu, Kiingereza na sayansi kama wenzake, na juu ya hayo anafundishwa ufundi. Hakuna ada.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo shule ya ufundi ilikuwa ya aliyefeli. Hapa sivyo. Aviation High School ya Queens inatambuliwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Wanafunzi wanashika spana kwenye ndege halisi, na anaweza kumaliza akiwa na cheti cha sekondari pamoja na leseni ya ufundi wa ndege. Anayetaka leseni zote mbili, ya umbo la ndege na ya injini, anaweza kubaki mwaka wa tano. Clara Barton ya Brooklyn inajulikana kwa kazi za afya, na Food and Finance ya Manhattan kwa upishi. Ipo hata New York Harbor School, iliyo kisiwani Governors Island, ambako watoto huenda kwa feri kusomea uendeshaji wa vyombo, uzamiaji na ufugaji wa viumbe wa majini. Mtu wa Pemba au Lamu atajisikia nyumbani.

Kufungua akaunti

Maombi yanapitia tovuti ya jiji iitwayo MySchools. Mwombe mshauri wa shule anayosoma mtoto sasa namba ya mwanafunzi, yenye tarakimu tisa, pamoja na msimbo wa kufungulia akaunti. Nenda mapema, kwani mshauri mmoja huwa na watoto wengi. Kama kompyuta inakusumbua, yeye mwenyewe anaweza kukuingizia maombi, lakini nenda na orodha yako tayari.

Fomu na maelezo yamefasiriwa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kifaransa na Kiarabu; Kiswahili hakimo. Hata hivyo una haki ya kupewa mkalimani bure, hata kwa simu. Sema tu neno “Swahili” na usubiri. Usimfanye mtoto kuwa mkalimani wako katika jambo linalomhusu yeye mwenyewe. Atakutafsiria anachotaka usikie.

Unaomba programu

Hapa ndipo wengi hukwama. Shule moja inaweza kuwa na programu nne, kila moja na msimbo wake, na fomu inapokea programu, haipokei jina la shule. Ukiweka programu ya kompyuta wakati mtoto anataka magari, anaweza kuingia jengo alilolitamani na kusomea asichokipenda. Programu mbili za shule unayoipenda zinaweza kuwekwa zote, kila moja kwenye mstari wake.

Soma pia njia ya kuchagua wanafunzi. Programu iliyo wazi kwa wote haiangalii alama. Nyingine, zinazoitwa Ed Opt, huchukua mchanganyiko wa watoto wa alama za juu, za kati na za chini, na programu nyingi za ufundi ziko kundi hili. Chache huchuja kwa alama. Mwisho tazama ni waombaji wangapi wanaogombea kiti kimoja, na safari itachukua muda gani. Nauli isikutishe, kwa sababu jiji huwapa wanafunzi kadi ya kupanda treni na basi bure.

Kupanga orodha

Weka unayoipenda kuliko zote namba moja, hata kama ina ushindani mkali. Najua mtaani wanasema vingine: kwamba ukianza na shule ngumu utakosa na ile rahisi. Si kweli. Utaratibu huu wa kugawa nafasi uliundwa na wachumi, akiwemo Alvin Roth aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2012. Mtoto akikosa chaguo la kwanza, anapelekwa la pili na kushindanishwa huko sawa na walioliweka la kwanza. Shule hazioni umeziweka namba ngapi, kwa hiyo ujanja wa kupanga kwa hofu unamuumiza anayeutumia.

Panapotokea wengi wenye sifa sawa, huamuliwa kwa namba ya bahati nasibu. Ni mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi, na utauona kwenye akaunti. Inayoanza na 0 ni nzuri kuliko ya 9, na ya 9 inaipita ya a. Ya f iko mwisho. Haibadilishwi. Ikiwa yenu iko nyuma, msiondoe mnazozipenda. Ongezeni chini yake programu ambazo waombaji ni wachache.

Bonyeza kitufe cha kutuma. Orodha iliyohifadhiwa bila kutumwa haihesabiki. Ukishatuma unaruhusiwa kuibadili hadi siku ya mwisho, basi usingoje usiku ule.

Majibu hutoka Machi. Mtoto hupata nafasi moja, na anaingizwa kwenye orodha za kusubiri za programu alizoziweka juu ya ile aliyopewa. Kukubali nafasi hakumwondoi kwenye orodha hizo.

Waliofika baada ya Desemba

Nendeni na mtoto kwenye kituo cha kupokea familia, Family Welcome Center, cha eneo mnaloishi. Bebeni cheti cha kuzaliwa au pasipoti, uthibitisho wa anwani, kadi ya chanjo na matokeo ya shule aliyotoka. Wanaoishi kwenye makazi ya muda wanaandikishwa hata kama karatasi hazijakamilika. Hali ya uhamiaji si sharti. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hiyo. Na kijana aliyefika akiwa na miaka 17 au 18 asiambiwe amechelewa: ambaye hajamaliza sekondari ana haki ya kusoma hadi mwisho wa mwaka wa shule anaotimiza miaka 21. Akijibiwa vingine, aombe jibu hilo kwa maandishi.