Somo: Kuweka nakala za maudhui kwenye seva iliyo karibu na mtumiaji

Tovuti ikichelewa, wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya seva, wakati mara nyingi tatizo ni umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hula kama milisekunde 10 kwenda na kurudi, hata ununue seva ya namna gani. TCP (kufungua muunganisho) inataka safari moja ya kwenda na kurudi, TLS 1.3 (kuufunga kwa usiri) nyingine, ndipo ombi lenyewe liende. Aliye kilomita 8,000 anasubiri karibu robo sekunde kabla hajapata baiti ya kwanza.

Dawa ni kusogeza nakala za vinavyoombwa sana karibu na mtumiaji; hifadhi hiyo ya nakala ndiyo kache. Akamai, kampuni iliyoanzishwa 1998, wanaifanya biashara hii, na Netflix huweka mashine zao ndani ya mitandao ya watoa huduma za intaneti. Wewe anza na seva moja ya kukodi iliyo karibu na watumiaji wako, na Nginx (programu ya seva ya wavuti).

Hatua ya 1: Amua kipi kihifadhiwe

Hapa ndipo penye kazi. Picha, video, fonti, CSS na JavaScript: hifadhi. Kurasa za akaunti na malipo: hapana. Ukikosea hapa, mteja atafungua ukurasa na kukuta jina na oda za mtu mwingine. Kila kinachomhusu mtu mmoja, seva mama (ile yenye tovuti yenyewe) ikitume na kichwa cha jibu `Cache-Control: private, no-store`. Kwa kawaida Nginx hukataa kuhifadhi jibu lenye `Set-Cookie` (linalompa mtumiaji kuki yake). Kuna wanaoizima kinga hiyo ili takwimu za kache zipendeze, usiwaige.

Hatua ya 2: Panga muda

Faili lenye toleo kwenye jina, mfano `nembo.v7.png`, lipe mwaka mzima: `max-age=31536000`. Ukilibadilisha, badilisha jina. Ukurasa wa habari upe sekunde 60; kwenye tovuti yenye msongamano, hata hizo zinaipumzisha sana seva mama.

Hatua ya 3: Sanidi seva ya karibu

```
proxy_cache_path /var/cache/nginx/k keys_zone=k:10m
                 max_size=10g inactive=7d;

location /picha/ {
  proxy_pass https://mama.example.com;
  proxy_cache k;
  proxy_cache_lock on;
  proxy_cache_use_stale error timeout updating;
  add_header X-Kache $upstream_cache_status;
}
```

Agizo la kwanza, `proxy_cache_path`, linakaa ndani ya `http`, nje ya `server`. Usiache `proxy_cache_lock`: bila hiyo, faili maarufu likiwa bado halimo kwenye kache, maombi mengi huivamia seva mama kwa pamoja kutafuta kitu kilekile.

Hatua ya 4: Pima

Endesha `curl -I` mara mbili kwa anwani ileile. Kwenye `X-Kache`, kwanza uone `MISS` (halikuwemo kwenye kache), kisha `HIT` (limetoka kwenye kache). Ikibaki `MISS`, kagua kuki na `Cache-Control` inayotoka seva mama.

Hatua ya 5: Elekeza watumiaji

Ukiwa na seva kadhaa, tumia huduma ya DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva) inayojibu kulingana na eneo la muulizaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimefuta kache kwenye seva lakini watu bado wanaona picha ya zamani. Shida nini?

Jibu: Umefuta kwako, si kwenye vivinjari vyao. `max-age` inavihusu na vivinjari pia. Tumia `s-maxage` kwa muda mrefu wa seva, na `max-age` fupi kwa kivinjari. Kwa sasa badilisha jina la picha.

Swali: `no-cache` si ndiyo kusema isihifadhiwe?

Jibu: Hapana ndugu, hiyo inaruhusu kuhifadhi, ila lazima seva mama iulizwe kabla ya kila matumizi. Ya kukataza kabisa ni `no-store`. Jina limewachanganya wengi.

Swali: Viungo vyangu vya matangazo vina `?utm_source=` (alama ya mtu alikotokea) na `HIT` ni chache mno. Vinahusiana?

Jibu: Sana. Ufunguo wa kache hubeba anwani nzima pamoja na vigezo vyake, kwa hiyo kila kiungo kinahesabika kitu kipya. Kwenye `/picha/` weka `proxy_cache_key $scheme$host$uri;`. Usiiweke kwenye utafutaji au orodha zilizogawanywa kurasa 1, 2, 3. Huko kigezo ndicho kinachoamua jibu.

Swali: Mechi ya moja kwa moja nayo inahifadhika?

Jibu: Ndiyo, kwa HLS (mfumo wa kutiririsha video). Video hukatwa vipande vya sekunde chache, na kipande hakibadiliki kikishatoka, kwa hiyo kihifadhi. Orodha ya vipande ndiyo inayobadilika. Ipe sekunde moja au mbili tu, la sivyo watazamaji watakwama.