Unatafuta mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe) Kenya? Anzia hapa
Kama pombe imekulemea na unataka kuiacha, piga 1192, hiyo ni laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na ni bure, waulize kikundi cha AA kilicho karibu na wewe, ama ingia mkutano wa mtandaoni wa Zoom kama uko mbali na mjini. Ukipata uliza ni mkutano wa wazi ama wa kufungwa, wa wazi unaweza kuja na dadako, wa kufungwa ni wa wenye shida ya pombe pekee. Hakuna kiingilio, jina moja latosha, na kuongea si lazima kabisa, sema tu leo nasikiliza. Lakini kama ukikosa pombe unatetemeka, tafadhali muone daktari kabla hujaacha ghafla, hiyo inaweza kuua. Kikundi kisipokufaa jaribu kingine, usirudi baa.