SOMO: Kupandisha sailensi ya lori la dizeli likiwa limepaki (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, sailensi ni RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukiwa hujakanyaga mafuta. Kila wiki anakuja mtu: "Lori langu nataka lisimame kwenye RPM ya juu kidogo, nafanyaje?" Na kila wiki anajibiwa "zungusha skrubu ya pampu ya dizeli". Siku mbili baadaye karudi na moshi mweusi. Naliandika hapa mara moja, mkiuliza tena nawarudisha hapa.

Kuna mambo mawili na watu wanayachanganya. Moja ni kupandisha kwa muda lori likiwa limesimama: unajaza hewa ya breki, unanyanyua bodi la tipa, unachaji betri, au unapasha injini asubuhi ya Julai hapa Arusha. Pili ni kurekebisha sailensi yenyewe, kwa sababu imeshuka chini ya kiwango cha kitabu. Jambo la kwanza halihitaji spana hata moja. Wengi wenu mnataka la kwanza, mnaambiwa la pili.

KUPANDISHA KWA MUDA

1. Paki pa tambarare, gia frii, handbreki, kabari kwenye tairi.

2. Washa, subiri presha ya oili ipande. Usikimbilie resi, turbo hupata oili mwisho.

3. Lori la waya, yaani pedali ya mafuta inavuta pampu kwa waya (Fuso, Isuzu, Hino na Tata za zamani): tafuta kitasa cha resi ya mkono kwenye dashibodi, upande wa usukani. Kuna vinavyovutwa na kuna vinavyozungushwa. Panda polepole hadi 900 au 1,000. Kwa kupasha injini na kujaza hewa hapo panatosha.

4. Lori la kompyuta, yaani mafuta yanaamuliwa na kompyuta: mengi hupandishwa kwa swichi za kruzi (zinazoshikilia spidi bila kukanyaga mafuta) zilezile za barabarani. Washa kruzi, handbreki ikiwa imevutwa, bonyeza swichi ya kuongeza. Ukigusa breki au klachi inajifuta, ndivyo ilivyotengenezwa.

5. Kwa tipa: ingiza PTO (gia inayochukua nguvu ya injini kuendesha pampu ya kunyanyua bodi) kwenye sailensi ya kawaida, ndipo upandishe. Ukimaliza, shusha RPM kwanza ndipo uitoe. Kuingiza PTO injini ikiwa kwenye 1,200 ni kula meno ya gia.

6. Kabla ya kuondoka, rudisha chini. Resi ya mkono ikibaki juu, gia zinagoma, lori linajisukuma ukiachia klachi, na kwenye malori mengi ekzosi breki (inayopunguza mwendo kwa kubana moshi wa injini) haishiki, maana swichi yake inasubiri mkono wa pampu, ule unaovutwa na waya wa resi, urudi mwisho. Hilo utaligundua ukiwa kwenye mteremko na mzigo.

KUREKEBISHA SAILENSI YENYEWE (lori la waya tu)

Injini iwe na joto la kazi, AC na taa zimezimwa. Angalia kiwango kwenye kitabu au kibao cha injini. Malori mengi ya kati na makubwa yako kati ya 550 na 750. Kama geji ya RPM imekufa, bandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye puli ya krenki na upime kwa takometa ya mwanga. Kupima kwa sikio hapana.

Kabla hujagusa chochote, jua utaizimaje injini ikigoma kushuka. Mkono wa kuzimia kwenye pampu uuone kwa macho na uusukume kwa kidole, uhakikishe unazima. Weka pia kipande cha ubao bapa cha kuziba mdomo wa hewa, hosi ya filta ikiwa imeshatolewa. Ubao, si tambara wala kiganja. Tambara linamezwa, na kiganja kinavutwa.

Sasa sehemu inayoharibu pampu za watu. Mkono wa resi kwenye pampu una vizuizi viwili: skrubu ya sailensi, na skrubu ya mwendo wa juu ambayo kwa kawaida imefungwa kwa waya na sili ya risasi. Yenye sili usiiguse. Skrubu ya kiasi cha mafuta nayo usiiguse. Kwenye pampu za mviringo (mabomba ya nozeli yamepangwa duara, si mstari mmoja kama za mstari) iko nyuma, upande wa mabomba hayo. Ukishaipata ya sailensi, USIIZUNGUSHE BADO. Hakikisha kwanza mkono umeikalia. Waya wa resi ukiwa umekaza, au kitasa cha dashibodi hakijarudi mwisho, mkono unaning'inia milimita moja mbele ya skrubu. Hapo unazungusha nusu, mzunguko mzima, miwili, RPM haisogei. Unadhani skrubu imekufa, unahamia yenye sili. Au unaendelea hadi skrubu inaukuta mkono na injini inaruka ghafla.

Kipimo ni karatasi: ingiza kipande cha karatasi ya daftari kati ya mkono na skrubu. Ikibanwa, endelea. Ikipita huru, legeza waya kwanza mpaka ibanwe.

Onyo la pili, kwa malori ya kebini ya kulaza: waya hubadilika mkao kebini ikiinuliwa. Unaweza kurekebisha vizuri kabisa kebini ikiwa juu, ukaishusha, waya ukavuta, sailensi ikapanda hadi 900. Kwa hiyo kila baada ya kurekebisha shusha kebini, funga loki, pima tena.

Kinachobaki ni kidogo. Legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu robo mzunguko kuelekea ndani, subiri sekunde kumi, soma RPM. Robo nyingine kama inahitajika. Kaza nati huku bisibisi imeshika skrubu, la sivyo inasogea nayo. Kanyaga mafuta mara tatu uachie: irudi upesi na itulie. Ikirudi huku inapanda na kushuka yenyewe, tatizo liko kwenye gavana, kifaa cha pampu kinachodhibiti RPM. Hilo ni la fundi wa pampu mwenye benchi.

MASWALI

Mangi_Fuso: Skrubu ni ipi sasa? Weka picha.

Mwandishi: Pampu ya lori gani? Za mstari na za mviringo hazifanani, na picha ya pampu nyingine itakupeleka kwenye skrubu yenye sili. Taja injini na uliyoyaona kwenye pampu yako.

Mangi_Fuso: Fuso.

Mwandishi: Fuso siyo injini.

Semi ya Holili: Mkuu shikamoo. Scania yangu ya kompyuta, nabonyeza swichi ya kruzi nimepaki, haipandi. Barabarani kruzi inashika vizuri.

Mwandishi: Marahaba. Umesaidia sana kusema barabarani inashika, maana swichi za usukani na ya klachi tumeshaziondoa kwenye orodha. Anza na ishara ya handbreki: vuta uone kama taa yake inawaka kwenye dashibodi. Isipowaka, kompyuta haijui kama umepaki. Ikiwaka, tazama kama spidi inasoma sifuri kabisa. Vyote vikiwa sawa, inawezekana kazi hiyo imefungwa kwenye programu. Fundi mwenye mashine ya daignosi anaifungua kwa muda mfupi.

Tingo Msomi: Naomba kuelewa. Foleni ya Namanga malori yanaunguruma usiku kucha kwenye 600. Kuna ubaya gani? Si ndiyo yanakula kidogo?

Mwandishi: Swali zuri. Kwenye 600 bila mzigo silinda zinapoa. Dizeli haiungui yote, nyingine inashuka ukutani mwa silinda, inapita ringi na kuingia kwenye oili. Inayobaki inageuka masizi kwenye nozeli na valvu, na kwenye ekzosi unaona majimaji meusi. Ukipandisha hadi 900 au 1,000 joto linabaki juu kidogo, na presha ya oili na chaji zinakuwa nzuri zaidi. Ila kula kidogo sahau: injini ya semi kwenye sailensi ya kawaida inakula kama lita 3 kwa saa, na ukipandisha inazidi. Kama hujazi hewa wala huchaji kitu, zima.

Tingo Msomi: Na kuzima ghafla baada ya mwendo mrefu?

Mwandishi: Hapana, ipe turbo dakika 3 hadi 5. Lakini kwenye sailensi ya kawaida, resi ikiwa imerudi chini.

Chalii wa Unga Ltd: Somo lako lina kasoro. Yangu ilikuwa inazima kwenye sailensi, nimepandisha skrubu imepona. Hakuna mambo ya karatasi wala nini.

Mwandishi: Haijapona, umeifunika. Injini iliyokuwa inakaa sawa haianzi kuzima kwa sababu skrubu imejisogeza. Nati ipo kwa kazi hiyo. Kagua filta ya dizeli, hewa kwenye mabomba ya mafuta, na nozeli. Ukiona povu kwenye hosi inayotoka tangini, umeshapata jibu.

Chalii wa Unga Ltd: Sawa, ila inatembea.

Mwandishi: Haya.

Moshi Pasua: Sina kitasa cha resi ya mkono, kilishakatika. Nabana pedali kwa tofali.

Mwandishi: Tofali likiteleza linaenda chini ya pedali ya breki. Waya wa kitasa ni kitu cha bei ndogo madukani, funga mwingine. Ukiufunga, uwe na ulegevu kidogo kitasa kikiwa ndani, la sivyo unarudi kwenye habari ya karatasi.

Dada Tipa: Fundi, mimi hewa inachukua muda mrefu kujaa asubuhi hata nikiwa kwenye 1,000. Nipandishe hadi 1,500?

Mwandishi: Usipandishe, dada. Hewa inavuja. Jaza hadi mwisho, zima, handbreki ikiwa imeachiwa na kabari imekaa, tazama geji dakika kadhaa. Ikishuka, pita na maji ya sabuni kwenye viungo vya hosi na kwenye chemba za breki. Isiposhuka, angalia kompresa na hosi yake ya kuvuta hewa. Na umwage maji kwenye matangi, ukiona yanatoka na oili nyingi, kompresa imechoka.

Dada Tipa: Nimeona povu kwenye chemba ya nyuma kushoto. Asante sana.

Mzee wa Majengo: Kijana, ongeza hili. Kabla ya kugusa skrubu, iweke alama ya rangi ya kucha, mstari mmoja upite kwenye skrubu na nati. Ukipotea unarudi ulipoanzia.

Mwandishi: Asante mzee, naliweka juu. Rangi nyekundu inaonekana vizuri hata penye oili, ila futa kwanza kwa petroli ishike.